Tundu la Sita

2 Machi

Mama,

Shikamoo, wewe na baba. Mimi mzima, na dukani salama, tunachonga lenzi mpaka mafundi miwani wenyewe tunahitaji miwani.

Nakuandikia haraka kabla sijaenda kazini, kwa sababu hapa sina mtu wa kumwambia jambo hili asiniulize "kwa hiyo?" Jana saa mbili usiku nilipanda juu ya paa na darubini yangu, nikaielekeza kwenye ile galaksi niliyokuchorea mwezi uliopita. Unakumbuka, kile kiwingu chepesi na nyota tano pembeni. Hizo tano nazijua kama vidole vyangu. Jana zilikuwa sita.

Nikafuta lenzi. Sita. Nikageuza darubini kwingine, nikairudisha. Sita. Nikashuka nikanywa maji, nikapanda tena, na ile ya sita bado ipo, ukingoni mwa kiwingu, upande wa chini kushoto, imetulia kama mgeni aliyeshakaribishwa kiti.

Nadhani nimeona nyota mpya, mama. Nimemwambia Katibu wa chama chetu cha watazama nyota, basi. Na wewe usimwambie mtu kwanza.

Mwanao,
Kidoti


6 Machi

Kidoti wangu, jicho la familia,

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Kufika saa sita mtaa wote ulikuwa unajua. Usininunie. Uliandika nisimwambie mtu kwanza, na kweli, kwanza sikumwambia mtu. Kwanza nilimaliza kupinda suruali ya mteja. Ndipo nikaanza.

Nilianza na Mama Rubani, maana mlango wake ndio wa karibu. Unamjua, tangu mwanawe aanze kusomea urubani, yule mama akikusalimia anaangalia juu. Nikamwambia, dada, mwanao anaruka mpaka mawinguni, hongera sana. Wangu kazi yake inaanzia pale mawingu yanapoishia. Akanyamaza. Mama Rubani kunyamaza, mwanangu, hilo peke yake lilistahili darubini.

Fundi viatu naye kauliza kama unaweza kumwangalizia nyota yake, eti tangu mwaka jana mambo hayamwendei. Nikamwambia binti yangu si mpiga ramli. Anatazama nyota za mbali, zenye shughuli zao. Ya mtu anayegundisha soli upande upande aitazame mwenyewe.

Baba yako kasoma barua mara mbili, akatoka nje, akaangalia juu mchana kweupe, akarudi akasema, "Pana jua." Ndiyo furaha yake hiyo. Lakini tangu siku ile kila anayemwita kuzibua sinki anaambiwa kwamba hiyo darubini bomba lake alilikata yeye.

Sasa nijibu upesi, watu wananiuliza na mimi sipendi kukosa jibu. Kazaliwa siku gani hasa? Na jina anampa nani? Maana kama wewe ndiye mama wa nyota, mimi hapa ni bibi, na bibi haulizwi jambo akabaki anakodoa macho.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka bosi katoka ofisini kuangalia kuna nini. Halafu nikaogopa kidogo.

Nyota haijazaliwa. Imekufa. Ilikuwa nyota kubwa kupita kiasi, kubwa kuliko jua letu mara nyingi, ikaishiwa na cha kuchoma, ikalipuka. Wataalamu wanaita supanova. Ule mlipuko unang'aa wiki kadhaa kisha unafifia. Na haikulipuka juzi. Mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka ndipo umefika kwenye paa la nyumba niliyopanga. Kwa hiyo hakuna mtoto, na jina itapewa la herufi na namba kama gari.

Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa. Kumbe watu wengine wameiona pia, nchi nyingine, kuanzia tarehe mbili. Mimi niliiona tarehe moja, lakini kwa siku moja hakuna atakayenijali. Wanachotafuta wataalamu ni siku ya mwisho ambayo haikuonekana, ili wajue mwanga wa mlipuko ulianza kutufikia lini. Wote walikuwa na mawingu juma lile. Mimi nilitazama tarehe 21 Februari, nikachora, nikaona tano. Mchoro huo ndio ule niliokutumia wewe. Chumba changu kinavuja, ndiyo maana kila nikichora kitu kizuri nakupa wewe uniwekee.

Nirudishie, mama. Katibu anapeleka taarifa ya chama tarehe 28. Yeye ni mpima ardhi mstaafu, kivuli chake mwenyewe hakiamini mpaka akipime. Akiuona mchoro, kazi yangu itaingia kwenye kumbukumbu za wataalamu, mimi fundi miwani, na bomba la baba. Asipouona, mimi ni mmoja wa waliosimuliwa wakaenda kuangalia.

Wako,
Kidoti


12 Machi

Mwanangu,

Ungesema mapema kwamba ni marehemu. Nimeshapokea hongera mtaa mzima, sasa nizirudishe vipi? Mama Rubani habari zimemfika kabla sijajipanga, akaja mpaka kwenye cherehani kwa sauti ya pole: "Nasikia mjukuu amefariki." Nikamwambia amefariki, ndiyo, na kifo chake kinaonekana dunia nzima. Kuna watu wanaishi miaka themanini na hawaonekani hata mtaa wa pili.

Mchoro wako huu hapa ndani ya bahasha, nimeuweka katikati ya makaratasi mawili magumu usikunjike. Usishtuke ukiona matundu. Niliupenda mno, nikaushonea kitambaa. Si unajua ninavyohamisha mchoro: natoboa karatasi kwa sindano kila penye alama, naitandaza juu ya kitambaa, napitisha unga wa chaki, alama zinashuka zenyewe. Kitambaa cheusi, nyota kwa uzi mweupe wa kung'aa, kiwingu kwa uzi wa kijivu niliouchambua unyuzi mmoja mmoja. Nimekitundika dukani. Anayekuja kupunguziwa kiuno cha sketi anasahau sketi.

Hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi amekiona na anakitaka akitundike ofisini, watoto wajifunze. Akaniuliza, "Fundi, ni sahihi hiki?" Nikamwambia mwalimu, doti kwa doti, kama kilivyotoka mkononi mwa binti yangu. Atakuja kukichukua juma lijalo.

Huyo Katibu mpe salamu zangu. Mwambie akishaupima mchoro apime na aliyeuchora, ataishiwa na futi.

Mama yako


16 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba nikuulize jambo moja tu, ulisome ukiwa umekaa.

Nilimpelekea Katibu mchoro jana. Akausoma, akasoma tarehe, akasoma saa, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaunyanyua dirishani, kwa mazoea tu ya kazi yake, na mwanga ukapita kwenye matundu. Akahesabu. Akahesabu tena. Akaniambia, "Binti, penseli inasema tano. Matundu yanasema sita. Hii ya sita ilikwenda wapi?"

Anadhani niliifuta. Anadhani nyota ilikuwepo tangu Februari, nikaichora, na niliposikia habari za nyota mpya nikaifuta ili nionekane niliitazama kabla. Alichukua kioo cha kukuzia akatafuta alama ya ufutio. Hakuona, lakini akasema kutoona si ushahidi. Hakunifokea, mama. Angefoka ningejua pa kushika. Aliurudisha mchoro kwenye bahasha taratibu, akaiweka kwenye droo yake, akasema, "Tutaona," na akanifungulia mlango.

Na hilo tundu liko wapi? Chini kushoto, ukingoni mwa kiwingu. Pale pale.

Mama, nakujua. Hujawahi kuacha kona tupu. Gauni langu la kumaliza shule lilikuwa na kifungo begani kisichofunga kitu. Pazia la bafuni lina maua matatu na ndege ambaye hakuwepo kwenye kitambaa ulichonunua. Je, ni wewe?

Kidoti


18 Machi

Kidoti,

Mimi? Mimi niliyeshona miaka thelathini na moja bila mteja kurudisha nguo ila yule aliyenenepa?

Hilo tundu linaweza kuwa mende. Mende wa hapa dukani wana meno. Au ni huko posta, siku hizi barua zinafika zimechokolewa. Au sindano iliteleza, sindano ni kitu kidogo, inateleza, hata daktari inamteleza. Mwambie Katibu wako avae miwani, si mnauza hapo hapo?

Isitoshe mwalimu mkuu anakuja kesho kutwa kuchukua kitambaa, na nimeshamwambia ni doti kwa doti mbele ya Mama Rubani na fundi viatu. Sasa unataka niseme nini?

Baba yako anakusalimu. Amesoma barua yako, akaniangalia, hakusema neno. Bado anaendelea kutolisema.

Mama yako


20 Machi

Kwa Bwana Katibu wa Chama cha Watazama Nyota,

Heshima yako, ndugu. Mimi ndiye mama wa Kidoti, yule binti fundi miwani. Ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima tuvumiliane.

Tundu la sita ni langu.

Leo asubuhi mwalimu mkuu wa shule ya hapa kwetu amekuja kuchukua kitambaa nilichokishona kutokana na ule mchoro. Akakishika kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu nyota kwa sauti ya darasani, moja, mbili, tatu, na mimi nikawa namsikia anakwenda kwenye ile ya sita kama mtu anavyosikia hatua za mwenye nyumba. Alipofika sita akasema, "Watoto watafurahi." Nikamwambia mwalimu, kirudishe hapo, bado hakijaisha. Akaondoka mikono mitupu, na Mama Rubani ameshuhudia.

Ilikuwa hivi. Mwanangu alichora nyota tano, na ni tano alizoziona. Nilizitoboa zote tano kwa sindano nyembamba, karatasi ikiwa juu ya meza. Nikaitandaza juu ya kitambaa, nikapitisha chaki. Nilipoinua nikaona upande wa chini kushoto ni mtupu. Wewe si fundi nguo, sijui kama utanielewa. Jicho langu likifika pale lilikuwa linateleza linaanguka nje ya kitambaa. Nikairudisha karatasi, nikachukua sindano nene niliyokuwa nimeichomeka begani, nikatoboa karatasi na kitambaa kwa pamoja. Ndivyo ilivyopatikana hiyo nyota.

Kwa hiyo ukipima, na nasikia unapenda kupima, utaona la sita ni nene kuliko wenzake. Utaona pia matundu matano yana weusi wa penseli pembeni, na la sita halina, kwa sababu hapajawahi kuwa na penseli. Na chaki kwenye la sita imesukumwa kwenda ndani, maana ilikuwa imeshapita juu ya karatasi wakati natoboa. Kwenye mengine imekaa juu juu.

Mwanangu aliniuliza nikakana. Nimemwandikia barua ina mende ndani yake. Ikiwa itamfika kabla ya hii, naomba umwambie aitupe. Kama mna daftari la waongo niandike mimi, na mwandiko uwe mkubwa. Yeye hajawahi kuchora asichokiona. Alipokuwa na miaka sita waliambiwa shuleni wachore familia. Akamchora baba yake hana kichwa. Mwalimu akatuita kwa wasiwasi. Kumbe mtoto alichora alichokiona: baba yake ni fundi bomba, na jioni ile kichwa kilikuwa ndani ya kabati la sinki.

Mwisho, bila kujisifu, naomba uangalie mahali nilipotoboa, halafu uangalie mahali nyota ilipotokea wiki moja baadaye. Ni pale pale. Sisemi kitu. Nasema tu.

Wako katika heshima,
Fundi Cherehani


24 Machi

Kwa Bi Fundi Cherehani,

Salamu. Barua yako nimeipokea jana saa tano na dakika kumi.

Nimepima. Matundu matano yana upana wa karibu nusu milimita. La sita linakaribia milimita moja. Penseli na chaki ni kama ulivyoeleza. Nimeridhika. Taarifa ya chama, pamoja na mchoro wa binti yako, imeondoka leo, siku nne kabla ya wakati.

Nilikwenda mwenyewe dukani kwake kumwomba radhi. Alikuwa na mteja, nikasubiri kwenye benchi.

Kuhusu madai yako ya mwisho: tundu lako liko milimita tatu kushoto kwa mahali nyota ilipo. Kwa kipimo cha mchoro ule, mwanga ungehitaji miaka elfu tatu hivi kuvuka nafasi hiyo. Nakuomba usiendelee kusema ni pale pale.

Nimepima viwanja miaka thelathini na minane. Nimepokea barua nyingi za watu wanaotaka mpaka usogezwe mbele. Ya mtu anayeurudisha nyuma kwa mkono wake mwenyewe, hii ni ya kwanza. Nimeihifadhi.

Katibu


14 Aprili

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena.

Wamekubali. Majibu yamefika leo. Mchoro wa tarehe 21 Februari umeingia kwenye kumbukumbu, na wanasema umewasaidia kujua mwanga wa mlipuko ulianza kutufikia ndani ya siku nane kabla sijaiona, sio wiki tatu kama walivyokuwa wanakisia. Jina langu limeandikwa kamili, lote, hata lile la katikati linalonifanya nionekane mzee.

Na wewe umo. Katibu ilimbidi aeleze lile tundu, maana anayetazama karatasi ataliona tu. Nakunukulia neno kwa neno: "Tundu la sita si alama ya mtazamaji. Lilitobolewa baadaye na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu upande huo ulikuwa mtupu." Nimeusoma huo mstari kwa wenzangu dukani, na bosi ameomba aubandike ukutani.

Sikufichi, nilikukasirikia siku mbili nzima. Barua ya mende niliitupa. Halafu nikaiokota, maana pale penye daktari nilicheka.

Nyota imeanza kufifia. Njoo na baba kabla haijaisha. Nitakuwekea kiti juu ya paa.

Kidoti wako


5 Mei

Kidoti wangu, jina kamili,

Tulifika nyumbani salama, wiki ya pili sasa. Baba yako njia nzima alisema maneno manne, na matatu yalikuwa "nimeiona mimi kwanza." Muongo. Mimi ndiye niliyeishika kwanza, yeye alikuwa bado anasifia bomba. Nilivyoiona ile chembe nikaona haya, maana yangu niliyoishona ni nono, inakaa kama kifungo cha koti, na ya kweli ni kitu ambacho ukipumua kwa nguvu unaogopa umekizima. Ndiyo maana nilinyamaza muda wote ule pale kwenye darubini. Ulidhani nimechoka na ngazi.

Ule mstari wangu nimeuandika kwa kalamu nene nimeuweka dukani mlangoni. Mama Rubani ameusoma, nikamuuliza kama mwanawe akitua ndege huwa wanaandika na jina la mama. Akasema watauliza. Halafu akaomba nimshonee naye galaksi moja, ya sebuleni. Nimemwambia asubiri zamu yake.

Mwalimu mkuu nimemweleza yote, mbele ya wale wale niliowaambia doti kwa doti. Fundi viatu alicheka mpaka akapoteza msumari aliokuwa ameubana mdomoni, tukadhani ameumeza, kumbe kauchomeka juu ya sikio. Mwalimu naye akasema basi anataka vitambaa viwili, cha Februari na cha Machi, vikae ukutani pamoja, watoto waone kabla na baada. Kwa hiyo kile cha kwanza nimefumua nyota yangu, nikashona ya kweli, ndogo, milimita tatu kulia, kwa rula ya baba yako. Hicho ndicho cha Machi. Cha Februari nimekianza upya, na hicho ndicho kimenitoa jasho. Nyota tano. Chini kushoto nimeacha. Siku ya kukimaliza sindano ilikwenda pale yenyewe mara mbili, mara ya tatu baba yako akaichukua, akaitia mfukoni, akaenda nayo kazini.

Jana vimetundikwa. Alikuwepo mkaguzi wa shule, mwanamke wa makini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akasogea, akavitazama vyote viwili, akasifia kile kiwingu, halafu akaweka kidole kwenye cha Februari, chini kushoto. Akaniambia kwa upole, watu wote wakisikia, "Fundi, hapa umesahau."

Mimi kuambiwa nimesahau, Kidoti, unajua ilivyo. Miaka thelathini na moja. Nikahisi mkono unatafuta sindano begani.

Nikamwambia, "Sijasahau, mama. Hapo hakuna kitu, kwa sababu siku ile binti yangu alipotazama, hapakuwa na kitu."

Mama yako